Mchango wa shule kwa waliohamishwa na maafa: hela ina nguvu kabla haijatumika

Siku hizi maafa yakitokea mahali, iwe mafuriko, maporomoko ya udongo au tetemeko, hazipiti wiki mbili utakuta bango la mchango linazunguka kwenye simu: picha ya watoto wamekaa chini ya turubai, mchoro wa madarasa yenye bati jipya, kiasi kinachotafutwa kimeandikwa kwa herufi kubwa na namba za kutumia hela ziko chini. Watu wanatoa, tena wanatoa kwa moyo, wengine wanatoa walichobakiwa nacho, na hilo ni jambo la kushukuru. Ninachopinga ni namna tunavyoielewa kazi yenyewe. Tumezoea kuona kwamba kujengea shule jamii iliyohamishwa ni suala la kutafuta hela ya ujenzi, hela ikitimia fundi anaitwa, kuta zinapanda, utepe unakatwa, basi. Mi naona jengo ndo sehemu rahisi kuliko zote. Kinachoiua shule ya aina hii ni kukosa vitu vitatu ambavyo haviuzwi popote: uhakika wa ardhi, walimu wanaolipwa mshahara na serikali, na usajili. Na hela za wachangiaji zina uwezo wa kuvipata vitu hivyo wakati zikiwa bado benki. Zikishageuka kuta hamna tena mtu wa kukusikiliza, kila ofisi unayoenda unaambiwa hongereni sana, endeleeni hivyohivyo.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe maana wengi wanadhani ni matukio ya hapa na pale. Kituo cha kufuatilia watu waliohama ndani ya nchi zao, IDMC, kilihesabu mara milioni 45.8 ambazo watu walilazimika kuhama kwa sababu ya maafa mwaka 2024, idadi kubwa kuliko mwaka wowote tangu waanze kuhesabu. Hapo mtu mmoja anaweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja kama amekimbia mara mbili, na wengi hurudi makwao maji yakishuka. Lakini kuna kundi ambalo halirudi kwa sababu pa kurudi hapapo tena au serikali imesema hapakaliki, na hilo ndo kundi la kujengewa shule. Kimbunga Idai kilipopiga Beira na maeneo ya jirani Machi 2019, zaidi ya madarasa 3,400 yaliharibika Msumbiji. Hapo elimu inapigwa mara mbili. Shule za waliopigwa zinabomoka, alafu shule zilizobaki salama zinageuka mabweni ya waliokimbia, watu wanalala darasani na vyombo vyao, madawati yamesukumwa nje yananyeshewa, kwa hiyo hata mtoto ambaye nyumba yao haikuguswa naye hasomi. Hili la pili bango la mchango huwa halilitaji kabisa.

Sasa kuna tofauti moja ambayo tukiielewa mambo mengi yananyooka, nayo ni tofauti kati ya kuijenga upya shule iliyobomoka na kuanzisha shule kwa watu waliohamishwa. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliziharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato pale Bukoba. Ihungo ikajengwa upya kwa msaada wa serikali ya Uingereza na ikarudi kuwa shule. Ukiangalia vizuri, Ihungo siku ya pili baada ya tetemeko ilikuwa na kila kitu isipokuwa majengo. Ardhi ilikuwa yake miaka nenda rudi, namba ya usajili ipo, walimu wako kwenye orodha ya mishahara, wanafunzi wanajulikana majina. Hapo kweli kilichokosekana ni kuta, na hela ya kuta ikatatua tatizo. Jamii iliyohamishwa iko kinyume kabisa. Haina hata kimoja katika hivyo, wako kwenye ardhi ya watu, au ardhi ya serikali ambayo karatasi yake haijaandikwa, na shule yao ya zamani kwenye makabrasha bado inasomeka iko kule kwenye tope na walimu wake bado wamepangwa kule au wameshatawanywa wilaya nyingine. Ukichukua njia ya Ihungo ukaipeleka huku unapata majengo mazuri, lakini shule hujapata.

Na kabla hata ya hati kuna swali gumu zaidi, je, watu wenyewe watakaa hapo? Uganda wamelipitia hili kwa maumivu. Machi 2010 maporomoko yalifukia kijiji cha Nametsi, Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mamia ya watu wakapotea siku moja. Serikali ikawahamishia walionusurika Kiryandongo, mamia ya kilomita kutoka mlimani. Kwa usalama uamuzi ulikuwa sahihi, lakini mtu aliyezoea migomba na kahawa kwenye udongo wa mlima, ukoo wake wote uko kule, makaburi ya wazee wake yako kule, unampeleka mbali na vyote hivyo, na baadhi ya familia zikafunga mizigo zikarudi kwenye mlima uleule. Yalipotokea maporomoko mengine Oktoba 2018, safari hii mpango ulikuwa kuwapeleka Bulambuli, tambarare iliyo jirani na mlima, ndani ya eneo la watu wao. Hilo ni somo kubwa kwa mtu anayetaka kuchangisha. Ufilipino nako baada ya kimbunga Haiyan cha Novemba 2013, familia za pwani ya Tacloban zilihamishiwa kaskazini mwa mji, nyumba zikajengwa, lakini maji yakawa shida kwa muda mrefu na riziki ya watu ikabaki kulekule baharini na sokoni, wazazi wakawa wanarudi mjini kutafuta. Mzazi akirudi, mtoto anafuata au anabaki na bibi, na hesabu ya wanafunzi uliyojengea madarasa kumi inabadilika ndani ya muhula mmoja. Kwa hiyo mchangishaji anayetangaza madarasa wakati bado haijaamuliwa watu watakaa wapi, na wao hawajasema kama wanapataka hapo, anabahatisha na hela za watu.

Walimu nao. Kwenye kundi moja la michango nililomo, bajeti ilipowekwa ilikuwa imepangwa vizuri kweli, saruji, nondo, mbao, bati, rangi, mpaka gharama ya kibao cha jina la shule. Mtu mmoja akauliza walimu watatoka wapi, akajibiwa hilo litajulikana huko mbele. Nadhani majibu kama hayo yametolewa kwenye makundi mengi sana. Darasa linajengwa mara moja, mshahara wa mwalimu unatakiwa kila mwezi kwa miaka yote shule itakapokuwepo, na hakuna kikundi cha kuchangishana kinachoweza kuubeba. Mnaweza kulipa posho ya walimu wa kujitolea mwaka wa kwanza, wa pili mwamko unashuka kwa sababu kumetokea maafa mengine mahali pengine, wa tatu wale vijana wa kujitolea wamepata kazi wameondoka. Mwalimu wa serikali naye hapangwi kwenye shule ambayo haijasajiliwa. Usajili una masharti yake ambayo karibu kila nchi yanafanana, umiliki wa eneo, vyoo, maji, ukaguzi wa majengo, uongozi. Watoto wa shule isiyosajiliwa wakifika mwaka wa mtihani wa taifa inabidi waandikishwe kwa mgongo wa shule nyingine, na wengi wao vyeti vya kuzaliwa vilizama, rejesta za darasa zilizama, mtoto anafika anaambiwa hana rekodi ya kuonyesha kwamba alikuwa darasa la sita. Kufuatilia rekodi hizo ni nauli na muda na mtu wa kukaa ofisini kungoja sahihi, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na darasa hata moja, lakini sijawahi kuiona kwenye bango lolote.

Hoja kubwa dhidi ya haya ninayosema ni kwamba watoto hawawezi kusubiri makaratasi. Hiyo ni hoja nzito na naichukulia kwa uzito wake wote. Mtoto aliyekaa mwaka mzima bila shule ana hatari kubwa ya kutorudi kabisa, msichana anaolewa, mvulana anaenda vibaruani, na mtoto aliyeona nyumba yao ikizama anahitaji ratiba ya shule hata kabla ya masomo yenyewe, ajue asubuhi anaenda wapi na nani anamngoja. Ndo maana viwango vya mtandao wa INEE kuhusu elimu wakati wa dharura, vilivyotoka mara ya kwanza mwaka 2004, vinasisitiza masomo yaanze mapema hata kwenye sehemu za muda. Lakini ukiisoma vizuri hoja hii utaona inadai masomo, haidai jengo la kudumu. Hema kubwa, banda la mbao na bati, au zamu mbili kwenye shule ya wenyeji, asubuhi wenyeji mchana wageni, hivyo vinaanza ndani ya wiki chache. Darasa la tofali hata ukikimbia vipi linakula miezi. Kwa hiyo anayesema watoto hawawezi kusubiri alafu akaanza na msingi wa zege ndo anayewasubirisha. Najua hema lina mateso yake, saa sita mchana joto ndani ya turubai linamfanya mtoto asinzie akiwa ameshika kalamu, mvua ikinyesha mwalimu hasikiki hata akipiga kelele, ubao umeegemezwa kwenye nguzo upepo ukija unaanguka. Hakuna anayetaka watoto wakae humo miaka mitatu. Ila miezi sita ya hema huku mnapigania ardhi na walimu ni bora kuliko miezi sita ya kungoja jengo ambalo likiisha halina mwalimu.

Hoja ya pili ni ya wale wanaosema tusichangie kabisa, hii ni kazi ya serikali, kila shilingi ya mwananchi inawapa viongozi upenyo wa kukwepa. Wana haki kwenye nusu ya kwanza. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012, unawahusu pia waliohamishwa na majanga ya asili na unaitaja elimu miongoni mwa mambo ambayo nchi inapaswa kuwapatia. Sio hisani. Lakini kukataa kuchangia hakumbani mtu yeyote, kiongozi hajui hata kama wewe umekataa. Kinachombana ni hela iliyokusanywa hadharani, kiasi kinajulikana, wachangiaji wanajulikana, na sharti limeandikwa kwamba haitoki mpaka halmashauri isaini mambo matatu: eneo hili ni la shule, walimu idadi hii watapangwa ifikapo tarehe hii, usajili utaanza kushughulikiwa leo. Hapo mchango unaacha kuwa mbadala wa wajibu wa serikali unakuwa chambo cha kuufanya utekelezwe, maana hakuna mkuu wa eneo anayependa kuulizwa kwenye vyombo vya habari kwa nini hela ya madarasa imekaa benki inangoja sahihi yake. Nakubali kuna hatari, ofisi zikikaa kimya watoto ndo watakaoumia. Dawa yake ni ile ile ya kutenganisha, hela ya masomo ya muda haina sharti, inatoka siku ya kwanza, sharti liko kwenye hela ya jengo tu.

Kuna wanaoogopa hela kuliwa, na historia inawapa sababu. Baada ya lile tetemeko la Kagera viongozi wawili, mmoja wa mkoa na mmoja wa manispaa, walitenguliwa uteuzi wao kwa madai ya kufungua akaunti nyingine yenye jina sawa na ile rasmi ya maafa. Hili halihitaji maneno mengi, risiti zionekane, watia sahihi wawe zaidi ya wawili na mmoja wao awe mzazi kutoka kwa waliohamishwa wenyewe, taarifa itoke kila mwezi hata kama hamna jipya. Ila nasisitiza kitu kimoja, upotevu mkubwa zaidi wa hela hizi hauna mwizi. Hela yote imetumika kihalali, risiti zote zipo, na madarasa yamefungwa kufuli kwa sababu watu wamehama au walimu hawakuja. Ukaguzi wa mahesabu hauwezi kulikamata hilo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika sana, kwamba anayehoji mchango hana huruma, kwamba shule ni shule na kizuri hakihojiwi. Hii inawaumiza wale wale inaodai kuwatetea. Waliohamishwa hawakuwahi kuulizwa chochote, maafa hayakuwauliza, gari lililowahamisha halikuwauliza, alafu sisi nasi tunakuja na ramani ya shule tunawaambia washukuru. Mwenye huruma angeenda kuwauliza akina mama mahemani watoto wao watatembea umbali gani, wanataka shule yao peke yao au wanataka ile ya wenyeji iongezwe madarasa, na wako tayari kukaa hapo au wanangoja maji yashuke. Mara nyingi majibu yao yangebadilisha mchoro mzima.

Hilo la shule ya wenyeji lina uzito wake. Mchangishaji anapenda shule mpya yenye jina jipya kwa sababu inapigika picha, lakini pale pale kilomita mbili kuna shule ya kijiji iliyopokea wageni, watoto sasa wanabanana wanne kwenye dawati, vyoo vimejaa, walimu ni wale wale waliokuwepo kabla. Wenyeji hao waligawana maji na ardhi na wageni, alafu wanaona wageni wanajengewa madarasa ya kung'aa na watoto wao wamebaki kwenye yaliyopasuka. Chuki inaanzia hapo na watoto ndo wanaotukanana njiani. Kwenye mazingira mengi madarasa sita na matundu ya vyoo yakiongezwa kwenye shule iliyopo yanamaliza matatizo yote matatu kwa mpigo, ardhi ipo, usajili upo, na maombi ya walimu yanakuwa ya kuongeza ikama, yaani idadi ya walimu waliopangiwa shule, ambayo ni rahisi zaidi kuliko kuanzisha kituo kipya. Sio kila mahali itawezekana, pengine shule ya wenyeji iko mbali mno au ng'ambo ya mto, ila ilitakiwa iwe swali la kwanza kuulizwa.

Na pale ambapo jengo jipya linahitajika kweli, naomba tusilijenge kwa mashindano ya idadi. Watu hawa wamekimbia kifo, tusiwajengee kingine. Tetemeko la Kashmir la Oktoba 2005 lilipiga asubuhi watoto wakiwa darasani, maelfu wakafukiwa na shule zao. Sichuan, China, Mei 2008, takwimu za serikali yenyewe zilitaja wanafunzi 5,335 waliokufa au kupotea na wazazi wakapaza sauti kuhusu majengo mabovu. Nepal Aprili 2015 maelfu kwa maelfu ya madarasa yaliharibika, kilichookoa watoto ni kwamba ilikuwa Jumamosi shule zimefungwa. Hela ya madarasa manane ikitumika kujenga matano yenye msingi wa kina, nguzo zenye nondo za kutosha, mkanda wa zege juu ya kuta na mtaro wa maji nyuma, mchangiaji asiseme ametapeliwa. Na mhandisi apime kwanza eneo lenyewe, maana ardhi inayotolewa haraka kwa waliohamishwa mara nyingi ni ile ambayo hakuna mtu aliyeitaka, bonde ambalo lenyewe linajaa maji mwaka wa mvua nyingi.

Kwa hiyo bango la mchango ningependa liandikwe hivi. Fungu la kwanza linatumika mara moja: hema au banda, ubao, madaftari, vyoo vya muda, posho ya walimu wa kujitolea kwa muda uliotajwa, na nauli za kufuatilia vyeti na rekodi. Fungu la pili linakaa kwenye akaunti tofauti na halitoki mpaka barua ya ardhi, barua ya walimu na barua ya usajili zipatikane, na kila barua ikipatikana inawekwa hadharani wachangiaji waione. Kiasi kinachotafutwa kiwe na fungu la matengenezo ya miaka mitano, hata kama ni dogo, kwa sababu bati likiezuliwa mwaka wa pili hakuna atakayeanzisha kampeni nyingine. Na iandikwe mapema kabisa, kabla mtu hajatuma hata senti, kwamba familia zikiamua kurudi kwao au serikali ikiwahamishia kwingine, hela ya jengo itawafuata watoto huko waliko, na kama baada ya miaka miwili barua hazijapatikana wachangiaji wataitwa kupiga kura iende kwenye madarasa ya shule ya wenyeji. Wachangishaji wengi wanaogopa kuandika sentensi hiyo wakidhani itapunguza michango. Mi nadhani waijaribu, maana wachangiaji wa siku hizi wameshauliza sana ile hela ya mwaka juzi iliishia wapi.